Mfanyakazi anayejuana na watu ndiye anayeleta wateja?
Ndiyo, ila sio yule mwenye marafiki wa kufa na kuzikana, wale wanajuana wote na habari zao ni zilezile. Anayekuletea wateja wapya ni yule anayesalimiana na kila kundi, leo fundi kesho dereva kesho kutwa mhasibu wa kampuni fulani. Mtafiti wa mambo ya jamii Mark Granovetter alishalionyesha hili 1973 upande wa ajira huko Marekani, kati ya waliopata kazi kupitia mtu ni kama 17% tu ndo walikuwa wanaonana naye mara kwa mara. Ila ukitaka mkopo bila dhamana, hapo unarudi kwa marafiki wa karibu tu. Na namba za wateja zisibaki kwenye simu ya huyo mfanyakazi peke yake, akiacha kazi anaondoka nazo.