Mume wangu anataka kuhama kampuni, je grini kadi itapotea?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Mtwara, Ligula. Mume wangu alianzia kwenye mambo ya gesi pale Madimba, baadae akapata kazi Houston, Marekani, yupo kule kwa viza ya kazi ya H-1B na kampuni yake imemuombea grini kadi, kile kibali cha kuishi kule moja kwa moja. Fomu ya I-140, ile ya kampuni kumuombea, ilipita mwaka jana, sasa tunasubiri foleni ya viza tu. Juzi kampuni nyingine imemuita kwa mshahara mnono, bosi wake kasikia, kamwambia ukiondoka nafuta kila kitu. Yeye anasema siku 180 zimeshapita hivyo hakuna wa kumgusa. Mi nina watoto wawili hapa, mkubwa ana miaka 19, halafu cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Saidi na pasi imeandikwa Said. Ahame au abaki?
Mama Saidi, Mtwara

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Bosi anakutisheni, na shemeji nae anajiamini kupita kiasi, maana siku 180 ziko za aina mbili na watu wengi sana wanazichanganya.

Za kwanza ni za I-140. Ikishapitishwa na kukaa siku 180, kampuni hata ikiandika barua ya kujitoa haiui tena ile I-140, labda igundulike kulikuwa na udanganyifu au idara ya uhamiaji yenyewe ilikosea kuipitisha. Kanuni hiyo inatumika tangu Januari 2017. Kwahiyo kauli ya bosi ya nafuta kila kitu haina nguvu hapo, tarehe yake ya kuingia kwenye foleni ni ya mumeo, anaondoka nayo.

Za pili ni za I-485, ile fomu anayoijaza mwombaji mwenyewe foleni yake ikishafika. Ikikaa siku 180 bila majibu, sheria ya mwaka 2000 inamruhusu kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuanza upya, ilimradi kazi mpya iwe ileile au ifanane na ile ya mwanzo, na kampuni mpya isaini kiambatisho kinachoitwa Supplement J. Huo ndo uhuru anaousikia kwa wenzie. Ila mumeo, kwa ulivyoandika, I-485 hajapeleka kabisa, kwahiyo huo uhuru bado hajaufikia.

Maana yake akihama leo, kampuni mpya inatakiwa ianze na PERM, yani itangaze ile nafasi na kuithibitishia Wizara ya Kazi kwamba hakuna Mmarekani mwenye sifa aliyepatikana, halafu ndo ipeleke I-140 nyingine. PERM peke yake siku hizi inapita mwaka. Hiyo I-140 mpya ikipita anaomba apewe tarehe ile ya zamani, kwahiyo kwenye foleni harudi nyuma, anachopoteza ni muda wa makaratasi. Na gharama za PERM, wakili na matangazo, sheria inataka mwajiri alipe, wakimwambia achangie hapo ajue pana shida.

Mi ninachokiogopa zaidi ni huyo mtoto. Wewe na watoto mnaingia kupitia faili la baba yao, lakini mtoto awe hajaoa na hajafika miaka 21. Ipo sheria ya 2002 inayopunguza kwenye umri wake zile siku ambazo I-140 ilikaa ikisubiri majibu, ila kama ilijibiwa haraka kinachopungua ni kidogo mno. Ana 19, ukiongeza PERM ya mwaka na zaidi unaona mwenyewe hesabu inavyobana. Sasa mwambie shemeji aangalie lile jedwali la viza la kila mwezi (Visa Bulletin) linaloonyesha foleni imefika tarehe gani, Watanzania tunahesabiwa kwenye safu ya nchi nyingine zote, atafute tarehe yake imebakiza miezi mingapi. Ikiwa imekaribia, kwa maoni yangu avumilie kwa bosi wake mpaka apeleke I-485 na zile siku 180 zipite, mshahara mnono utapatikana tu. Ikiwa bado iko mbali sana, kubaki hakumsaidii mtoto, bora ahame mapema PERM ianze.

Jina nalo lirekebishe sasa hivi, amueni lipi mnalifata kisha nenda RITA kama ni cheti cha kuzaliwa, au uhamiaji kama ni pasi, hapohapo Mtwara, herufi moja inaweza kuwakwamisha kwenye usaili wa ubalozi Dar. Na masharti ya viza kwa Watanzania yanaweza kubadilika hata kwa tangazo la rais wa kule, kwahiyo msilipe ada yoyote kabla hamjasoma matangazo ya ubalozi wenyewe, achaneni na mawakala wa mtaani.

Mwisho, asije akaacha kazi kwa hasira. Akiacha au akifukuzwa ana siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri wa kumuombea H-1B, au abadilishe aina ya viza anayokaa nayo kule, au aondoke. Aiombe kampuni mpya iandike kwa barua kwamba PERM inaanza lini, maana wengine wanakwambia subiri kwanza mwaka mmoja tukuone. Akiwa na hiyo barua, na risiti ya ombi jipya la H-1B ipo mkononi, hapo anaruhusiwa kuanza kazi kule, ndo amuage bosi.