Kabla hujalipia jina la watu, uliza utatokaje

Dada, umeuliza mambo matatu: kama shilingi milioni 4 ulizotoka nazo kazini zinatosha kufungua tawi la kuku na chipsi chini ya jina linalojulikana, kama ile hesabu yao ya kurudisha mtaji ndani ya miezi 14 ni ya kuaminika, na kama utoe shilingi 300,000 za "kushikilia eneo" kabla mwezi haujaisha. La tatu ndilo rahisi. Usitoe. Labda wakuandikie kwamba pesa yote inarudi usipotia saini, na ikae kwa wakili, si kwenye akaunti yao. Jina lenye soko kweli haliwezi kukosa mnunuzi kwa sababu wewe umeomba wiki mbili za kusoma.

Mimi nina tawi la chakula upande wa Thika Road, chini ya jina la watu, na mkataba wa kwanza ulipoisha niliongeza wa pili. Kwa hiyo sikuambii uikimbie franchaizi, yaani kulipia haki ya kufanya biashara kwa jina na mfumo wa mwingine. Shida ni kwamba watu hapa Nairobi huinunua kwa kutazama foleni ya Jumamosi jioni, na foleni haikuambii chochote kuhusu anachobaki nacho mwenye duka.

Kwanza ujue umesimama wapi kisheria. Kenya haina sheria mahsusi ya franchaizi. Hakuna anayemlazimisha mwenye jina akupe taarifa zozote kabla ya kukuuzia. Marekani ni lazima akukabidhi hati ya maelezo angalau siku 14 kabla ya kutia saini au kulipa, na ndani yake mna orodha ya matawi yaliyopo na ya waliotoka mwaka uliopita. Afrika Kusini wana Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2008: hati hiyo siku 14 kabla, na ukishatia saini una siku 10 za kazi za kubadili nia bila faini. Sisi tuna mkataba tu, na mahakama itausoma ulivyoandikwa. Lakini kuna jambo wengi hawalitumii: kama jina lenyewe limetoka Afrika Kusini, na kadhaa ya majina ya vyakula hapa yametoka huko, basi hati hiyo wanayo tayari kwao. Iombe. Wakisita, hapo umeshajifunza kitu bila kulipa hata shilingi.

Kama ni jina la hapa nyumbani, fanya mambo mawili kabla ya kukutana nao tena. Toa CR12, hati rasmi ya taarifa za kampuni, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone wakurugenzi na wenye hisa ni nani. Kisha nenda KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, wako South C, ukafanye upekuzi wa alama ya biashara: imesajiliwa kweli, kwa aina ya biashara unayotaka kufanya, na kwa jina la nani? Usajili ni wa miaka 10 kisha unahuishwa, kwa hiyo angalia na tarehe. Nimewahi kukuta nembo imesajiliwa kwa jina la mkurugenzi mmoja binafsi wakati anayeuza franchaizi ni kampuni. Hao wawili wakikosana, wewe umekodishiwa nini?

Sasa pesa, maana hapa ndipo utakapoishi.

Mrabaha, yaani asilimia unayomlipa mwenye jina, hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Kila mtu huambiwa hivyo na kila mtu huitikia kwa kichwa, kwa hiyo hebu tuupigie hesabu. Chukua tawi linalouza milioni 1 kwa mwezi bila VAT. Mrabaha asilimia 6 na mfuko wa matangazo asilimia 2, hiyo ni 80,000. Kuku, viazi, mafuta na vifungashio 430,000. Kodi ya duka 150,000. Wafanyakazi 180,000 pamoja na NSSF na ada ya nyumba. Stima na gesi 70,000. Leseni za kaunti, usafi, ulinzi, matengenezo 30,000. Unabaki na 60,000, na kama umekopa sacco, rejesho linatoka humo humo.

Mauzo yakishuka asilimia 10 tu, labda shule zimefunga au barabara imechimbwa mbele ya mlango wako, unauza 900,000. Mrabaha na matangazo vinakuwa 72,000, malighafi 387,000, na zile nyingine (kodi ya duka, wafanyakazi, stima, leseni), jumla 430,000, haziguswi. Unabaki na 11,000. Mwenye jina amepoteza 8,000, wewe umepoteza 49,000. Chukua jedwali lao la miezi 14, ushushe mauzo kwa asilimia 10, kisha 20, uone mstari wa mwisho unasomaje. Huhitaji mhasibu kwa hilo.

Kwenye kipengele hicho hicho cha mrabaha kuna mitego ya kodi. Mauzo yako yakipita milioni 5 kwa mwaka unasajiliwa VAT, sasa uliza: asilimia zao zinahesabiwa kabla au baada ya VAT? Kwenye mfano wetu, asilimia 8 ya 1,160,000 ni 92,800. Hiyo ni 12,800 kila mwezi imekwenda kwa pesa ambayo si yako, ni ya KRA, mamlaka ya kodi. Halafu wewe mlipaji wa mrabaha ndiye unayekata kodi ya zuio, yaani kodi ya mwenye jina unayoizuia kwenye malipo yake na kuipeleka KRA: asilimia 5 kama mwenye jina ni mkaazi wa Kenya, 20 kama yuko nje, isipokuwa mkataba wa kodi kati ya nchi hizo mbili uwe na kiwango kingine. Mikataba mingine husema mrabaha ulipwe "mzima, bila makato". Maana yake kodi hiyo unaibeba wewe. Ili mtu wa nje apokee 100,000 kamili kwa kiwango cha 20, wewe unatoa 125,000. Na oda za kuletewa chakula kupitia Glovo au Uber Eats: programu inakata kamisheni yake kwanza, lakini mrabaha huenda ukahesabiwa kwa bei nzima aliyolipa mteja. Omba iandikwe vinginevyo. Mimi niliomba, na walikubali haraka kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu wauzaji wa lazima, mfano unaujua. Januari 2022 KFC Kenya waliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyao viliagizwa kutoka nje na meli zikachelewa, wakati Nyandarua imejaa viazi. Watu walikasirika sana mitandaoni, lakini kwa mwenye franchaizi jibu lilikuwa wazi: kama mkulima hajapitishwa kwenye ukaguzi wa ubora wa mwenye jina, viazi vyake haviingii jikoni. Wewe nawe utafungwa hivyo hivyo, kwa mafuta, viungo, hata boksi za kubebea. Omba orodha ya bei zao za leo, uende nayo kwa wauzaji wa jumla, ulinganishe bidhaa kwa bidhaa. Tofauti ndogo ni sawa, unalipia ladha isiyobadilika. Ikiwa mtungi wa mafuta wa lita 20 kwao umepita wa sokoni kwa robo ya bei, huo ni mrabaha wa pili usioandikwa.

Eneo nitalipita upesi. Ila hili la muda wa mkataba wa kupanga duka wengi hawalisemi. Wenye majengo Nairobi hupenda kuandika miaka 5 na miezi 3, au miaka 6, ili mpangaji asiangukie kwenye ulinzi wa Sura ya 301 ya sheria za Kenya, ambayo humlinda mpangaji wa duka mwenye mkataba wa miaka 5 kurudi chini. Sasa franchaizi ikiwa ya miaka 10 na mkataba wa duka wa miaka 6, mwaka wa saba unaweza kujikuta una jina lakini huna duka, na ada ya kuingia hairudi. Linganisha tarehe hizo mbili kabla ya kitu kingine chochote. Kama ni ndani ya mall, uliza kinachofuata duka kubwa la mle ndani likifungwa. Supamaketi za Nakumatt zilipoanguka, maduka madogo yaliyozitegemea kuleta watu yalibaki na kodi ile ile. Na kwa jiko la kukaanga, hakikisha mwenye jengo amekubali kwa maandishi bomba la moshi lipite wapi. Usiniulize kwa nini nalisisitiza. Waulize wapangaji wa ghorofa ya juu.

Kuhusu hesabu yao ya wateja, kuna njia ya kuipima. Nenda kwenye tawi wanalojivunia, Jumanne ya katikati ya mwezi watu wakiwa wamesota. Wakifungua tu, nunua soda na uchukue risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa KRA. Rudi karibu na kufunga, ununue chipsi kwenye mashine ile ile, uchukue risiti. Namba zinafuatana. Kuna jina nililokuwa nalitaka kabla ya hili nililo nalo: risiti ya asubuhi ilisoma 118 mwishoni, ya jioni 203. Wateja 85. Kwenye jedwali lao siku ya kawaida ilikuwa na wateja 210. Sikugombana na mtu, sikurudi tu.

Halafu zungumza na wenye matawi, na si wale uliopewa namba zao. Muhimu zaidi ni waliotoka. Ukijua tawi lililofungwa, uliza majirani wa duka hilo, kinyozi au mama wa mboga. Nairobi hakuna aliyepotea kabisa. Mwulize swali moja: ulipotoka, ulitoka na nini?

Ndiyo maana nakushauri mkataba uusome kuanzia nyuma, kwenye vipengele vya kumalizika. Nani anaweza kuuvunja, kwa notisi ya muda gani, na je, kuna nafasi ya kurekebisha kosa kwanza? Unaweza kuuza tawi kwa mtu mwingine, na wao wanachukua asilimia ngapi? Ukifariki, mume au watoto wanaendelea au tawi linarudi kwa mwenye jina? Ukitoka, unazuiwa kuuza chakula kwa muda gani na umbali gani? Kizuizi cha miaka miwili Kaunti nzima ya Nairobi kwa mtu anayejua kukaanga kuku tu ni kumfunga mikono, jadili kipunguzwe kiwe mtaa. Na eneo lako lichorwe kwenye ramani, si "maeneo ya Kasarani", kwa sababu Kasarani ya mwenye jina inaweza kuishia mlangoni pako na tawi lingine likafunguliwa ng'ambo ya barabara.

Kuhusu milioni 4: inategemea ada yao na ukubwa wa duka, lakini usiingize zote. Tenga gharama za miezi sita za tawi, kwa mfano wetu mishahara, kodi na stima peke yake ni 400,000 kila mwezi. Ukifika hapo utaona mwenyewe kama tunazungumzia duka la wateja kukaa na kula au kibanda cha chakula cha kubeba.

Ukipata rasimu ya mkataba, futa majina uweke hapa vipengele vya eneo, mrabaha na kumalizika. Mimi huingia usiku baada ya kufunga hesabu, nitavipitia.