Jibu: Kishale kinachohama katika terminali

Ndugu, umeuliza kwa nini kishale (alama inayoonyesha mahali pa kuandika) cha terminali unayoitengeneza (programu ya dirisha la kuandikia amri kwa maandishi) huhama mahali pake mtumiaji anapoandika Kichina. Naamini programu yako inahesabu baiti (vipande vidogo vya data) badala ya visanduku vya skrini (nafasi ambazo herufi hukalia): katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti, herufi nyingi za Kichina huchukua baiti 3 lakini hukalia visanduku 2, ilhali alama za irabu za Kiarabu, zinazobandikwa juu au chini ya herufi, hazikalii hata kimoja. Tumia jedwali la upana la Unicode (kiwango cha kimataifa cha herufi), linaloonyesha kila herufi hukalia visanduku vingapi, nalo ulihuishe kila toleo jipya linapotoka, kwa sababu programu inayoendeshwa ndani ya terminali ikitumia jedwali tofauti na lako, mistari itavurugika hata kama msimbo wako ni sahihi. Maandishi yanayosomwa kutoka kulia ni kazi kubwa zaidi. Yashughulikie peke yake.