Nimemwasi mama, mbona neno lake bado linaniliza?

SWALI: Nina miaka 29. Mama ni muuguzi na alitaka nifuate nyayo zake. Niliacha chuo mwaka wa pili nikajifunza useremala, na nakiri nusu ya sababu ilikuwa kumkomoa. Juzi nimemaliza kabati langu la kwanza, nikampigia picha nikamtumia. Akajibu: "Mlango wa kushoto umepinda." Usiku ule niliupima kwa pimamaji mara tatu. Haukupinda. Nikalia. Kitaalamu hali hii inaitwaje, na nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye pimamaji. Bawaba za mlango ule ulizifunga wewe mwenyewe, ulijua umenyooka, na bado ukapima mara tatu.

Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani aliyebobea katika tiba ya familia, aliita suala hili kujitofautisha: kubaki karibu na wazazi huku una msimamo wako. Kwa mtazamo huo, mwana anayepinga kila kitu bado hajajitenga. Mtiifu husubiri mama aseme ndiyo. Mkaidi husubiri aseme hapana. Wote wawili wametega sikio upande mmoja. Ndiyo maana ulimwasi na bado unalia. Kamba ni ileile.

Naye Jack Brehm, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1966 kwamba mtu akihisi uhuru wake unabanwa, alichokatazwa humvutia zaidi. Hilo halifanyi useremala wako kuwa wa uongo. Umesema nusu ya sababu ilikuwa kumkomoa. Nusu ya pili hukuitaja. Ichukulie karatasi uiandike: harufu ya mbao, mikono yako, chochote kile ambacho kingekuwepo hata kama mama asingejua kamwe kwamba wewe ni fundi. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kuhusu machozi, usijione mtoto. John Bowlby, aliyechunguza uhusiano wa mtoto na mlezi, alishikilia kwamba haja ya kuwa na mtu wa kumkimbilia haiishi utotoni. Na kama sifa za mama zilikuja mara mojamoja, bila kujua lini, ndivyo zinavyonasa zaidi. Tabia inayotuzwa kwa nadra hung'ang'ania kuliko inayotuzwa kila siku.

Picha inayofuata usiitume kimya kimya. Mwambie kabla: "Mama, sitaki ukosoaji leo, nataka tu ulione." Huenda mtu aliyezoea kazini kutafuta kilichoharibika kabla hakijaua huangalia hata kabati hivyohivyo. Simtetei; jibu lake liliuma, na inawezekana hata ukimwomba hatatoa unalotaka. Ikiwa hivyo, utaomboleza, na ukiona usingizi unakukimbia wiki baada ya wiki, mtafute mshauri nasaha ana kwa ana.

Unyofu wa mlango muulize fundi mwenzako. Kwa mama peleka swali ambalo ni yeye tu anayeweza kulijibu, na ambalo sikuliona popote katika barua yako: "Uliumia nilipoacha chuo?" Muulize mkiwa mmekaa, simu ziwe mbali, na umwache amalize kusema.