Ukichora Ngano kwa Watoto, Usiwafiche Mwisho

Juzi kijana mmoja wa Kisauni, Mombasa, ameniandikia: "Dada, nataka hadithi za kale nizichore ziwe vitabu vya katuni vya watoto. Nianzie wapi?" Maswali kama hili yamezidi tangu toleo la pili la kitabu changu cha katuni cha Hamdani na paa wake litoke kwa mpiga chapa. Najua wengi mnaonisoma mna madaftari ya michoro mnayoyaficha, kwa hivyo nawajibu nyote kwa pamoja: anzeni na mwisho. Tafuteni ngano ambayo mwisho wake unawauma, kisha muulinde.

Kisa cha Hamdani kimo katika ngano za Unguja ambazo mmishonari Mwingereza Edward Steere alizichapisha London mwaka 1870. Mimi nilikipata kwa bibi yangu, kabla sijajua kusoma, baada ya paukwa na pakawa. Hamdani ni masikini anayeparura jaani. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka. Kumbe paa anasema! Anaokota almasi, anampelekea sultani, anamposea bwana wake binti wa sultani, kisha anamuua nyoka wa vichwa saba na jumba la nyoka linakuwa la Hamdani.

Mkifika hapo mtasema huyu ni ndugu wa yule paka aliyevaa viatu, wa Charles Perrault, aliyechapishwa Ufaransa mwaka 1697. Kweli ni ndugu. Lakini paka wa Perrault anamaliza hadithi akiwa bwana mkubwa, panya anawafukuza kwa kujifurahisha tu. Paa wetu anaugua. Hamdani hataki hata kwenda kumtazama, anaamuru apikiwe uji wa mtama basi. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Usiku Hamdani anaota yuko jaani anaparura. Anaamka, na yuko jaani kweli.

Huo ndio mwisho nilioambiwa niufute. Mchapishaji mmoja, ambaye sitamtaja, aliipenda michoro yangu, akanikalisha na chai, kisha akasema paa apone, Hamdani atubu, wote wale biriani. Watoto wa siku hizi, akasema, hawataki huzuni. Nilipokataa, barua pepe zangu hazikujibiwa tena. Bado inaniuma, siwafichi. Nimechora kadi za harusi na mabango ya maduka mpaka nikapata pesa za kuchapa mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Niliposoma kitabu hicho kwa watoto wa darasa la tano huko Majengo, walipofika kwenye uji wa mtama darasa zima lilipiga kelele. Msichana mmoja alisimama akasema, "Haki yake arudi jaani!" Mwengine akamjibu kwamba yeye angemsamehe, na ubishi ukaendelea hadi kengele. Nionyesheni biriani gani lingewafanya watoto wabishane hivyo.

Na wanaodai ngano za Ulaya zilikuwa tamu tangu mwanzo hawajazisoma. Kwa Perrault, msichana wa kofia nyekundu analiwa na mbwamwitu na hadithi inakwisha hapo. Mwindaji anayempasua mbwamwitu tumbo yumo katika kitabu cha ndugu Grimm wa Ujerumani cha mwaka 1812. Kwa Grimm hao hao, dada mmoja wa kambo wa Cinderella anakata kidole cha mguu ili kiatu kimwenee, mwenzake anakata kisigino. Watoto wamesikia haya kwa vizazi na hawakuvunjika. Wanaovunjika ni watu wazima wanaoogopa kuulizwa maswali.

Kuhusu kuileta ngano katika zama zetu: kumvisha sultani suti na kumpa simu hakutoshi. Kila unachokibadilisha kifanye kazi. Katika Rapunzel's Revenge, kitabu cha katuni cha Marekani cha mwaka 2008, nywele za Rapunzel, yule msichana aliyefungiwa mnarani, si za kupandiwa na watu tena. Ni silaha yake mwenyewe, anazirusha kama kamba ya wachunga ng'ombe. Mchoraji Matt Phelan, mwaka 2016, alimhamishia Snow White New York, na wale vibeti saba wakawa watoto wa mitaani. Mimi jaa la Hamdani nimelichora Kibarani, lile jaa kubwa la Mombasa, jinsi lilivyokuwa kabla halijafungwa na kupandwa miti, na jumba nikaliweka Nyali, kwa wenye nacho. Mtoto wa Mombasa aliyepita Makupa, karibu na jaa hilo, kwa matatu huna haja ya kumweleza Hamdani ametoka wapi.

Pale panapouma, ondoa maneno. Ukurasa wa kisima kwangu hauna kiputo cha maneno hata kimoja. Na jambo la kushtua liweke nyuma ya ukurasa wa kufunuliwa: swali lije chini ya ukurasa wa kulia, jibu lisubiri upande wa pili. Hamdani anafumba macho ukurasa wa 27. Ukifunua, jaa.

Kurasa zenyewe zihesabu mapema, maana karatasi ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4, na kitabu cha kupigwa pini kinakwenda kwa 4: 24, 28, 32. Ukiwa na 30, utalipia kurasa mbili tupu.

Msinakili filamu. Ngano ya Perrault haina mwenyewe tena, lakini sura ya Cinderella wa filamu ina wenyewe, na wana mawakili. Kenya hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, basi Steere na Grimm wako huru kwenu. Kazi yenu wenyewe isajilini na Bodi ya Hakimiliki kabla hamjaanza kuitawanya kwenye simu za watu.

Mtaambiwa katuni si vitabu. Mtaambiwa watoto wa Pwani hawasomi. Msibishane nao, choreni. Wewe wa Kisauni, nitumie kurasa zako nne za mwisho, kwa penseli tu, hizo za mwanzo zitangoja. Na mzee yeyote nyumbani kwenu anayejua ngano ambayo hujaiona kitabuni, mrekodi wiki hii.