Omba Karatasi ya Majibu: Niliyojifunza Kuhusu Vipimo vya Thairoidi

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala, nikihisi baridi wakati wenzangu wanatokwa jasho, ngozi ikikauka na nywele zikijaa kwenye kitana kila asubuhi. Nilipopimwa damu niliambiwa kwa mdomo tu kwamba majibu ni mazuri, nikarudi nyumbani nikijilaumu kwa uvivu. Miezi kadhaa baadaye niliomba nakala ya majibu yale, nikakuta TSH yangu, homoni inayoihimiza thairoidi (tezi iliyo shingoni), ilikuwa 6.2, ilhali kikomo cha juu kilichoandikwa na maabara kilikuwa 4.0. Tangu hapo siondoki bila karatasi yenye tarakimu, nami nakusihi ufanye hivyo hivyo.

Nilipoiona tarakimu ile nilidhani thairoidi yangu inafanya kazi kupita kiasi. Kumbe ni kinyume chake. TSH haitolewi na thairoidi yenyewe, bali na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi itoe homoni, hasa T4, ambayo mwili huigeuza kuwa T3. Thairoidi ikidhoofika, pituitari huzidi kuihimiza, na ndiyo maana TSH hupanda pale homoni za thairoidi zinapopungua.

Kwa sababu hiyo TSH isomwe pamoja na T4 huru, yaani ile T4 isiyoshikamana na protini kwenye damu. TSH ikiwa juu na T4 huru ikiwa chini, upungufu wa homoni ni dhahiri. TSH ikiwa juu kidogo huku T4 huru ikiwa ndani ya kiwango, kama ilivyokuwa kwangu, huo ni upungufu wa awali, na kwa kawaida daktari hurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, kwa kuwa TSH huweza kupanda kwa muda mtu anapopona ugonjwa mwingine. Ipo pia hali isiyo ya kawaida ambapo T4 huru iko chini lakini TSH haikupanda. Hapo huenda kasoro iko kwenye pituitari, na anayepimwa TSH peke yake anaweza asigundulike.

Uliza pia kuhusu kingamwili za TPO, yaani zile zinazolenga kimeng'enya cha thairoidi kiitwacho TPO. Zikiwa nyingi, mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa Hashimoto, ulioelezwa mwaka 1912 na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto, ambapo kinga ya mwili huishambulia thairoidi. Zangu zilikuwa nyingi, na kipimo cha pili kilionyesha TSH ya 12.1 na T4 huru iliyoshuka. TSH ikizidi 10, madaktari wengi huanzisha dawa. Chini ya hapo huangalia dalili, umri na kingamwili.

Unaporudia kipimo, nenda maabara ileile na saa zilezile, kwani TSH huwa juu zaidi usiku na alfajiri. Kama unatumia vidonge vya biotini, aina ya vitamini B, kwa ajili ya nywele, mwambie daktari mapema, maana katika baadhi ya mashine huifanya TSH ionekane ndogo kuliko ilivyo. Andika dalili zako na lini zilianza, na utaje ndugu wenye maradhi ya tezi. Omba upimwe na wingi wa damu, kwani upungufu wa damu nao huleta uchovu kama huu, na si haki kuibebesha thairoidi kila uchovu.

Mimi humeza levothairoksini, dawa inayoziba pengo la homoni ya thairoidi, kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na vidonge vya madini ya chuma au kalisi huviacha mpaka zipite saa nne. Kipimo cha kuangalia kama dozi inatosha hufanywa baada ya wiki 6 hadi 8. Aliye mjamzito, au anayepanga kupata mimba, aonane na daktari mapema kuliko sisi wengine, kwa sababu viwango vyake ni tofauti na mtoto hutegemea homoni za mama yake katika miezi ya mwanzo.