Maswali na majibu: Wolipepa haitibu ukuta mgonjwa

Mvua zikikaribia kuisha, watu wa Kigoma huanza kutazama kuta zao, na mwaka huu karibu kila anayenitafuta anauliza habari ya wolipepa, zile karatasi za kubandika ukutani. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yanaweza kumfaa na jirani. Mlioniuliza bei mnisamehe: bei ya Kariakoo ya Jumatatu si ya Ijumaa, na ikifika huku inakuwa imebeba na nauli ya mzigo.

Fundi, kila sebule mpya ninayoingia hapa Mwanga ina wolipepa. Watu wanasema eti zimerudi. Zimerudi kutoka wapi, mbona nimezaliwa hapa na sijawahi kuziona? (Dada wa Mwanga)

Dada, waliorudiwa ni wenzetu wa Ulaya na Marekani. Sisi ndiyo kwanza zinatufikia kwa wingi. Kule karatasi za ukutani zina karne kadhaa. Uingereza ilianza kuzitoza kodi mwaka 1712, na wajanja wakawa wananunua karatasi tupu, wanazibandika, kisha wanachapa maua zikiwa tayari ukutani ili wasilipe. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1836. Paris alikuwepo mwenye kiwanda aitwaye Jean-Baptiste Réveillon, ambaye karatasi zake zilipanda hadi angani: mwaka 1783 alishirikiana na ndugu wa Montgolfier kutengeneza puto la hewa ya moto lililorushwa Versailles likiwa limebeba kondoo, bata na jogoo. Baadaye, mwaka 1862, Mwingereza William Morris akaanza kuchora zile za majani na ndege ambazo mpaka leo zinaigwa.

Kuelekea mwisho wa karne ya 20 wengi wakazichoka. Kuzibandua ilikuwa kazi ya kulowanisha na kukwangua, na kila mtu akataka ukuta mweupe. Zilizorejea sasa si zile. Siku hizi picha yoyote inachapwa kwa kompyuta, hata ya ziwa lenu. Kuna za stika unazobandua mgongo na kubandika bila gundi ya pembeni, na kuna zenye mgongo wa nyuzi, ambazo gundi inapakwa ukutani badala ya kwenye karatasi, kwa hiyo fundi hahangaiki na kitu kilicholowa mikononi.

Ila tusijifanye wageni kabisa. Kwenye nyumba za udongo, wazee wetu walibandika kurasa za magazeti na kalenda zilizopitwa na wakati ili vumbi la ukuta lisidondoke kitandani. Mtoto alijifunza kusoma akiwa amelala chali.

Shikamoo fundi. Nyumba yangu iko Gungu, ya tofali za kuchoma. Ukuta wa nyuma wa sebule unatoa unga mweupe chini, rangi inapukutika kila mwaka. Fundi rangi amenishauri niache kupaka, nibandike wolipepa kufunika. Nimeshanunua roli nne. Nianze lini? (Mama wa Gungu)

Marahaba mama. Usianze. Roli hazina haraka, ziweke juu ya kabati, mahali pakavu.

Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yaliyoko ardhini hupanda yenyewe ndani ya tofali kupitia vitundu vidogo sana, namna utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na njiani yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye udongo na kwenye saruji. Yakifika usoni mwa ukuta, maji yanakauka na chumvi inabaki. Ikirundikana nyuma ya rangi inaisukuma, ndipo rangi inapukutika. Kwa kawaida ugonjwa huu huishia kama mita moja kutoka sakafuni. Ukiona unyevu juu karibu na dari, tafuta bati linalovuja. Ukiuona ukuta unaopakana na bafu, shuku bomba.

Sasa fikiria umefunika ukuta huo kwa wolipepa ya vinaili, ambayo kimsingi ni plastiki. Maji hayaachi kupanda. Yanachokosa ni pa kutokea. Yatakaa nyuma ya karatasi, gundi italegea, na siku ukibandua kona utakuta madoa meusi ya fangasi na harufu ya shimo. Aliyekushauri amekupa njia ya kutouona ubovu kwa miezi michache, muda wa kutosha yeye kupokea pesa yake na kuhamia kwa mwingine. Samahani kwa ukali, lakini ushauri huu nausikia mno.

Kabla ya lolote, pima. Kata nailoni ngumu, mraba wa kama sentimita 30 kila upande, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasibaki upenyo, uiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakitokea upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya ndani: fungua madirisha, na uache kuanika nguo sebuleni.

Kwa ulivyoeleza, nadhani jibu lako linajulikana. Kigoma yetu ni ya milima, na nyumba nyingi zimejengwa kwa kuchimba kilima, kwa hiyo ukuta wa nyuma unakuwa umeegemea udongo. Nenda nyuma ukaangalie. Udongo umepanda juu ya msingi? Uondoe hadi msingi uonekane. Maji ya uwanja wa jirani wa juu yanashukia kwako? Chimba mfereji uyapeleke pembeni, na zungumzeni kabla ya mvua, si wakati wa mvua, maana wakati huo kila mtu ana hasira. Weka gata, maana maji ya bati yakidondoka kwenye kibaraza hurukia ukutani. Muulize pia aliyejenga kama alilaza nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi kabla ya kuanza tofali. Akianza kuhadithia, ujue hakulaza.

Baada ya kuzuia maji, bandua lipu yote iliyooza, upite sentimita 30 juu ya pale palipooza, na upige lipu mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Iache wiki nne angalau. Kazi hii ifanyike kiangazi, kuanzia Juni, na Septemba urudie kipimo cha nailoni. Ikitoka kavu, roli zako zishushwe kabatini.

Ukuta wa sebule una upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.8. Nimepiga hesabu roli mbili zinatosha. Niagize? (Kaka wa Kasulu)

Agiza tatu, kaka. Najua ulivyohesabu: 4 mara 2.8 ni mita za mraba 11.2, na roli ya kawaida ya sentimita 53 kwa mita 10 ni mita za mraba 5.3, kwa hiyo mbili na kidogo. Hesabu hiyo ni ya rangi. Karatasi inahesabiwa kwa vipande vinavyoshuka kutoka juu hadi chini.

Gawa upana wa ukuta kwa upana wa roli: 4 kwa 0.53 ni saba na nusu, yaani vipande 8. Kila kipande kiwe na kimo cha ukuta pamoja na sentimita 10 za kukata juu na chini, yaani mita 2.9. Roli ya mita 10 inatoa vipande vitatu, na salio ni fupi, halifiki. Vipande 8 kwa vitatu vitatu ni roli tatu. Za stika nyingi zina upana wa sentimita 45. Hapo utahitaji vipande 9, na roli ni tatu vilevile.

Kwenye maua makubwa kuwa mwangalifu. Lebo huandika umbali kutoka ua moja hadi jingine kama hilo, tuseme sentimita 64. Kila kipande lazima kikatwe kwa mafungu kamili ya umbali huo ili maua yakutane. Kwako mafungu matano ni mita 3.2, bado roli inatoa vitatu. Lakini mwenye ukuta wa kimo cha mita 3.2, akiongeza zile sentimita 10 za kukata, matano hayamtoshi: atahitaji mafungu sita, mita 3.84, roli itampa vipande viwili tu, na ukuta uleule wa upana wa mita 4 utamla roli nne.

Soma na namba ya toleo kwenye lebo, roli zote ziwe na moja. Toleo likibadilika rangi inaweza kupishana kidogo, na huoni mpaka jua la asubuhi liingie. Wa Dar anarudi dukani kesho yake. Wewe wa Kasulu unasubiri basi, kisha unaambiwa toleo lile limeisha.

Nimepanga Katubuka. Nikibandika za stika, siku ya kuhama zitatoka bila kuharibu rangi? (Mpangaji)

Inategemea rangi iliyo chini. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga, stika itaondoka na rangi, au haitashika kabisa. Ukuta wenye rangi nzuri inayooshika una nafuu. Bandika kipande cha kiganja nyuma ya mlango, kikae wiki mbili, kibandue uone. Siku ya kubandua ipashe moto kwa draya ya nywele, uvute polepole ukiilaza ukutani, usiivute kuja kwako. Halafu mwambie mwenye nyumba sasa, kwa ujumbe wa simu unaobaki. Wenye nyumba wengine hupenda, na wengine wakipenda hupandisha kodi. Hilo sina dawa yake.

Nipo Tabora, mtaa wa Isevya. Nilibandika mwenyewe Septemba, Oktoba pembe zote zikawa zimejikunja. Nimeuziwa feki? (Mwalimu)

Huenda si feki, mwalimu. Tabora mwezi wa tisa na wa kumi ni joto kali, hewa kavu na vumbi tupu, na stika haipendi vumbi kuliko kitu chochote. Ukuta unafutwa kwa kitambaa chenye maji, unaachwa ukauke, kisha unapakwa praima ya kushikisha. Ukibandika bila hayo, unakuwa umebandika kwenye vumbi lako, si kwenye ukuta. Na kama ni ukuta unaopigwa na jua la jioni, unapanuka na kusinyaa kila siku. Pembe zilizokwisha kujikunja zifute kwa nyuma, upake gundi ya wolipepa kwa brashi ndogo, ubane kwa kitambaa kuanzia katikati kwenda ukingoni.

Naweza kuweka zile za sponji zenye mfano wa tofali jikoni? Napika kwa mkaa, na nyumba yetu hailali bila mawese. (Dada wa Kibirizi)

Jikoni hapana. Sponji ile ni plastiki, inashika moto, na ikiungua moshi wake ni wa kukimbia. Hata isipoungua, mvuke wa mawese utaingia kwenye mifereji ya tofali bandia na hautatoka kwa sabuni yoyote ninayoijua. Nyuma ya jiko weka marumaru, hata mistari minne tu. Zile za sponji zipeleke sebuleni, mbali na jiko.

Gundi ya dukani ni ghali. Bibi yangu alibandika magazeti kwa uji wa unga, ikashika miaka. Nami nitumie? (Kijana wa Ujiji)

Bibi hakukosea, hata Ulaya walibandika kwa gundi ya unga wa ngano kwa muda mrefu. Shida ni kwamba unga ni chakula. Mende wanaufuata, panya wanaufuata, na kipindi cha mvua unaota ukungu. Gazeti la bibi lilibadilishwa kila lilipochakaa. Karatasi uliyoinunua kwa pesa nyingi hutaki iliwe. Nunua ile gundi ya unga ya kuchanganya na maji. Pakiti ndogo inafika mbali kuliko unavyodhani.

Nina mtoto mchanga. Nimesikia wolipepa za kijani zina sumu. (Mama wa Mwandiga)

Habari hiyo ni ya kweli ila ni ya zamani. Mwaka 1775 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alitengeneza rangi ya kijani yenye aseniki, na karne iliyofuata rangi za namna hiyo zilitumika sana kwenye karatasi za ukutani. Watu waliugua, hasa kwenye vyumba vyenye unyevu. Siku hizi haitumiki. Unachopaswa kuangalia ni harufu ya plastiki mpya: bandika mtoto akiwa chumba kingine, fungua madirisha siku kadhaa, arudi harufu ikiisha. Na kitanda chake kikae mbali na ukuta. Akianza kusimama, kitu cha kwanza atakachojifunza ni kubandua.

Mume wangu anataka maua makubwa kuta zote nne za chumba, mimi nasema tutakuwa gesti. Tuamue. (Mke, Bangwe)

Shemeji anisamehe, nipo na wewe. Ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya kitanda, hapo akitaka aweke maua ya ukubwa wa sinia. Kuta tatu zilizobaki zipakwe rangi moja iliyochukuliwa ndani ya ua lenyewe. Chumba chenye dari fupi kinapendeza na mistari ya kusimama. Na kama mna vitenge vya Kongo kabatini, toeni kimoja mkitandaze ukutani kwa pini kabla ya kuagiza. Mtaona kwa macho ua kubwa linavyokaa kwenye chumba chenu, na ugomvi utaisha bure.

Nitamjuaje fundi anayejua kazi? (Wengi)

Tazama anachotoa kwanza kwenye begi. Akitoa timazi, akapiga mstari wa kusimama kwa penseli kabla ya kugusa roli, mwache aendelee. Kona za nyumba zetu haziko wima, na anayeanzia kona kwa macho atafika mwisho wa ukuta maua yakiwa yamelala. Azime umeme kwenye swichi kubwa kabla ya kufungua soketi. Akatie kwa wembe mpya, kwa sababu butu huchana karatasi yenye gundi. Akikuambia nyumba nzima inaisha kwa siku moja, mlipe nauli arudi kwao.